Kisanduku cha Kinyonga

Nilikuwa nimebakiza herufi mbili kwenye muhuri wa zahanati wifi yangu alipoingia bila kubisha. Katika kazi yetu, mtu akiingia ghafla unanyanyua kisu kwanza, ndipo unanyanyua uso. Mpira ukishakatwa pasipotakiwa haurudi. Nikanyanyua kisu.

"Wifi, baba yuko huku?"

"Huku wapi?"

"Huku kwako. Niambie yuko huku, tafadhali."

Kichumba changu kiko chini ya ngazi za jengo la ofisi. Ukisimama mlangoni umeshakiona chote: meza, taa ya shingo ndefu, rafu ya vipande vya mpira na vipini vya mbao, kiti kimoja cha mteja. Hakuna pa kumficha mzee. Hata hivyo wifi aliinama akatazama chini ya meza.

Alikuwa amevaa aproni yake ya kusukia nywele, chanuo limechomekwa kichwani kwake mwenyewe, miguuni ana ndala za ndani. Wifi ni msusi. Anasukia sebuleni kwake, na hajawahi kutoka nje ya geti lao akiwa hajabadilisha ndala. Nilipoziona zile ndala ndipo nilipokiweka kisu mezani.

"Nilikuwa na mteja," alisema. "Baba yuko nyuma yangu, mezani, na vimpira vyake. Namsikia anakohoa. Nikaenda kuchota maji ya moto jikoni, nikarudi, nikaendelea na kichwa cha watu. Baadaye nikajiambia, mbona hakohoi?"

"Tangu saa ngapi?"

"Sijui. Nimezunguka mtaa mzima. Nimeuliza dukani, nimeuliza kinyozi, nimeingia mpaka uani kwa yule jirani mwenye mbwa."

"Dawa amekunywa?"

Wifi alijifuta uso kwa aproni. "Dawa amekunywa. Chai na mkate vipo pale pale, hajagusa."

Baba ana sukari. Daktari alituweka chini, mimi, wifi na kaka yangu, akatueleza taratibu kama anaeleza watoto: dawa hii bila chakula inaishusha sukari kuliko inavyotakiwa, ataanza kutoka jasho na kutetemeka, atachanganyikiwa, mwishowe ataanguka. Na baba siku hizi hahitaji sukari kushuka ndipo achanganyikiwe. Mwaka jana alianza kusahau majina, kisha akasahau njia. Mikono tu ndiyo haikusahau kitu. Ukimpa kisu na kipande cha mpira anakuchongea ua lenye mishipa ya majani, huku anakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

"Hiki nimekikuta mezani," wifi alisema, akatoa kitu kwenye mfuko wa aproni pamoja na pipi mbili za watoto anaowasuka. Pipi alizirudisha. Kitu kile akanipa.

Kilikuwa kipande cha mpira, ukubwa wa kiberiti. Nilikijua mkono uliokichonga kabla sijajua kimechongwa nini. Geti. Bustani ya maua ya mviringo mbele ya geti. Njia inayokunja, benchi, mti wenye mashina mawili, ukuta, na pembeni ya ukuta msalaba mdogo.

"Ni bustani ya jiji," nilisema. "Amekwenda kumtazama kinyonga."

"Kinyonga gani tena, wifi? Usinichanganye na mimi."

Ilinibidi nimweleze huku nafunga mlango.

Baba alipostaafu alijiunga na mchezo mmoja aliofundishwa na mteja. Unachonga muhuri wa picha, unautia kwenye kisanduku kisichoingiza maji pamoja na kijitabu kitupu, kisha unakwenda kukificha mahali pa watu wote lakini pasipoonekana. Unatoa vidokezo. Anayekipata anagonga muhuri wake kwenye kijitabu chako, anagonga wa kwako kwenye kijitabu chake, anakirudisha kilipokuwa na hamwambii mtu. Wenyewe wanajuana, wanasalimiana kwa picha. Mwenye samaki hamjui mwenye bundi kwa sura, ila anajua amepita. Picha ya baba ni kinyonga. Alikuwa na visanduku sehemu nyingi za mji. Vingine vimepotea, vingine alivisahau. Cha bustani ndicho cha mwisho. Mimi mwenyewe hakuwahi kunionyesha kilipo, maana katika mchezo huo hakuna mtoto wala ndugu. Unatafuta kama watu wote.

"Sasa na leo kwa nini?" wifi aliuliza.

Nikamwonyesha mawingu. Wiki nzima baba alikuwa akisema kinyonga wake ataloa, kifuniko kimechoka, mvua zinakuja. Tulimwitikia ndiyo baba, ndiyo baba, kama mtu anavyoitikia redio.

*

Bustani haiko mbali na ofisini kwangu. Tulikwenda kwa miguu, nusu tunatembea nusu tunakimbia, wifi akishika ndala zisimtoke. Njiani simu yake iliita, akaitazama, akaikata.

"Kaka?"

"Mteja. Nimemwacha na kichwa nusu. Huku kimesukwa, huku kimesimama kama kimeona jini."

Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Yeye hakucheka.

Getini kulikuwa na mlinzi ameketi juu ya kreti. Nilimsalimia, nikamweleza: mzee mwembamba, koti la kijivu, kofia, anatembea akiinamia mbele kidogo.

"Mama, hapa wazee wa makoti ndio kwao," alisema. "Wanakuja kuota jua. Halafu mimi nimeingia zamu sasa hivi tu. Ila fanyeni haraka, mvua hiyo inakuja, na ikinyesha mimi nafunga."

"Hufungi mpaka tutoke," wifi alimwambia.

"Dada, mimi nina bosi."

"Na mimi nina baba mkwe humo ndani. Funga, utaona."

Mlinzi aliitazama aproni, akalitazama chanuo, akaona hapa hakuna la kubishania.

Bustani ile imetengenezwa kama mtu aliyenyoosha mikono. Ukishapita geti unakutana na maua ya mviringo, na hapo njia inagawanyika, moja kulia, moja kushoto, zinafanana kila kitu: upana, vichaka, hata mabenchi ya mawe. Nilitoa kile kipande mfukoni nikakitazama mara moja.

"Kulia," nilisema.

Tukashika kulia. Tulikuwa tunaita kila baada ya muda. Si rahisi kuita "Baba!" bustanini, wanaume watatu waligeuka. Tukalifikia benchi. Palikuwa na kijana na binti wamekaa, wakasogea wakidhani tunataka kukaa.

"Mmemwona mzee mwenye kofia?"

Hawakumwona. Hawakuwa wanatazama njia, hilo lilionekana.

Baada ya benchi ramani ilitaka mti wa mashina mawili, na baada ya mti, ukuta. Nilitazama mbele. Hapakuwa na mti wa namna hiyo. Palikuwa na uzio wa mabati uliofunga njia, na kibao kinachosema mafundi wanalaza mabomba mapya, tunaomba radhi. Nikasimama. Nikakitazama tena kipande. Benchi, mti, ukuta. Mimi ni mtu wa kufuata hatua moja baada ya nyingine, na hatua inayofuata ilikuwa haipo.

"Nipe na mimi nione," wifi alisema.

Alikishika karibu na macho. Kisha akanitazama, akakitazama tena.

"Wifi, mbona njia imekwenda kushoto?"

"Imekwenda kulia."

"Hii hapa. Geti, maua, njia. Kushoto. Mkono wa kulia mimi naujua, ndio ninaoshikia chanuo."

"Huo ni mpira," nilimwambia. "Muhuri huchongwa kinyume. Kilicho kushoto kwenye mpira, ukigonga kwenye karatasi kinakuwa kulia."

"Sasa karatasi iko wapi?"

Nikapapasa mfuko wangu, kana kwamba karatasi ingekuwa humo.

Sisi tuliokulia kwenye vumbi la mpira tuna ulemavu wetu. Hatuuoni mpira. Tunaona karatasi itakayogongwa. Kaka yangu, ingawa alikimbilia malori, mpaka leo akisoma kibao kwenye kioo cha pembeni hajui kama amekisoma kinyume. Jicho linageuza lenyewe bila kuomba ruhusa. Wifi alikuja kwetu kwa ndoa, akapona.

"Ngoja," alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Ngoja, wifi. Hiki ni changu."

"Chako?"

"Alinipa. Zamani kidogo, kabla hajaanza... kabla. Aliniambia, mwanangu, hiki nimekuchongea wewe. Usihangaike na wino wala kioo, kitazame tu kama kilivyo, siku ukipata nafasi ukamwone kinyonga. Nikasema ahsante baba." Alikigeuza kiganjani. "Nikakisukumia chini ya mguu wa friji. Sakafu ya jikoni imeinama, unaijua. Sikukiona tena mpaka leo. Ndiyo maana asubuhi friji ilikuwa inayumba, amekichomoa."

Hata mimi angenipa, sijui ningekiweka wapi.

"Amekichonga wazi, si kinyume," nilisema, nikakichukua. "Kwa ajili yako. Twende."

*

Upande wa kushoto kila kitu kilikuwepo, kama kilichokuwa kinatungoja. Benchi. Mti wa mashina mawili, umeinama kidogo. Ukuta wa zamani wa matofali, umeota ukungu chini. Baba hakuwepo.

"Baba!" wifi aliita. "Babaa!"

Ndege tu waliruka.

Nilipapasa ukuta mahali msalaba ulipokuwa kwenye ramani. Tofali moja lilicheza. Nikalivuta, likatoka na mchanga wake. Utando wa buibui ulikuwa umefunga tundu lote, mzima, hauna hata uzi uliokatika. Nyuma yake niliona kopo la biskuti limefungwa kwa nailoni.

Hakuna mkono ulioingia mle leo, wala jana.

Wifi alikaa chini palepale, kwenye majani. "Kaka yako ataniua," alisema. "Hataniambia kitu, ataninyamazia tu, na ndiko kuniua kwenyewe. Mtu mmoja, wifi. Nimeachiwa mtu mmoja nimtazame."

"Ulikuwa unafanya kazi."

"Usinitetee."

Simu yangu iliita. Ilikuwa kaka. Nilimtumia ujumbe tulipokuwa njiani, na sasa alikuwa amesimamisha lori mahali, nilisikia injini inanguruma chini ya sauti yake.

"Mmempata?"

"Bado."

"Mpe simu mke wangu."

"Analia."

Kaka alizima injini. "Mwambie asilie. Mwezi uliopita alinitoka mimi. Nilimwacha kwenye gari nikaingia kununua vocha, narudi hayupo. Nilimkuta kituo cha mafuta anamsaidia mtu kusukuma gari. Sikuwaambia."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Utawaambiaje watu kitu kama hicho?"

Nilimpa wifi simu. Sikusikia walichosema, ila aliitikia "ee" mara kadhaa, kisha akainuka akajifuta majani. Aliponirudishia simu, kioo chake kilikuwa na alama nyeusi za vidole. Nilidhani ni uchafu wa tofali. Nikafuta kwa gauni, zikatapakaa.

Haukuwa uchafu. Ulikuwa wino.

Nilitazama vidole vyangu. Vyeusi. Nikatazama vya wifi. Vyeusi pia, na kwenye mfuko wa aproni palikuwa na doa nisiloliona mwanzo kwa sababu aproni za wasusi zina madoa ya kila aina.

"Wifi," nilisema, "hiki ulisema kilikuwa chini ya friji. Miezi."

"Ndiyo."

"Chini ya friji hakuna wino."

Alinitazama bila kuelewa. Mimi nilikuwa nimekwisha kukitoa kile kipande. Mifereji yote niliyoiona na kuisoma kwa kujiamini ilikuwa na wino mbichi pembeni, unang'aa. Mchongaji anaona umbo kwanza. Rangi ndiyo anayoizoea mpaka haioni. Nilifungua kiganja cha mkono wa kushoto nikakigonga kipande juu yake, nikabonyeza kwa nguvu, nikanyanyua.

Ramani ilitoka kwenye kiganja changu, imefifia lakini inasomeka. Geti, maua, njia. Kulia.

"Amekipaka wino akakigonga," nilisema. "Asubuhi, pale mezani, nyuma yako. Amesahau kwamba alikichonga wazi. Ametoka na karatasi, wifi. Karatasi inasema kulia."

Wifi hakusubiri nimalize. Alizivua ndala, akazishika mkononi, akakimbia.

*

Tone la kwanza la mvua lilinipiga tulipokuwa tunayazunguka maua. La pili sikulihesabu. Kijana na binti walikuwa wameshaondoka kwenye benchi. Tukaufikia uzio wa mabati, pale pale tulipokuwa tumesimama tukibishana, na sasa nikaona nisichokitazama mwanzo: bati moja lilikuwa halijafungwa upande wa chini, limeachana na nguzo kiasi cha mtu mwembamba kupita. Kwenye ncha ya bati palining'inia uzi wa kijivu.

Nafikiri hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wote. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kutojua.

Ndani palikuwa na mtaro umechimbwa kufuata njia, na mabomba ya saruji yamepangwa pembeni. Mafundi hawakuwepo. Palikuwa na kisiki kibichi cha mti uliokatwa, na mbele yake ukuta mdogo uliobomolewa, matofali yake yamerundikwa.

"Baba!"

"Msipige kelele," sauti ilisema kutoka ardhini. "Nimekaribia."

Alikuwa amesimama ndani ya mtaro, kina chake kinamfika kifuani. Alikuwa ameutazama ukingo wa udongo na kuupapasa kwa mikono miwili, pole pole, kama anavyopapasa mpira kutafuta mahali palipovimba. Kofia haikuwepo. Shati lilikuwa limemganda mwilini, na mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Lilikuwa jasho.

"Mti wameukata," alisema. "Ukuta wameubomoa. Lakini tofali lazima liko hapa. Karatasi haidanganyi."

Midomo ilikuwa inamtetemeka, maneno yanatoka yamebanana. Alijaribu kugeuka anitazame, goti likamwishia, akaegemea udongo. Kabla sijajua nishuke upande gani, wifi alikuwa ameshateleza ndani, miguu mitupu, akamkumbatia kwa nyuma asianguke.

"Fungua mdomo, baba."

"Wewe nani?"

"Msusi. Fungua mdomo."

"Mimi sisukwi."

"Ni pipi, baba. Fungua."

"Mimi si mtoto."

"Leo ni mtoto. Kesho utakuwa mtu mzima. Fungua."

Akafungua. Alimtia pipi ya kwanza, akasikiliza anavyoitafuna, akamtia ya pili. Mimi nilikimbia getini. Mlinzi alikuwa tayari ameshika mnyororo. Alipoona sura yangu aliuacha ukaanguka. Mwenye kibanda cha soda alikuwa anafunga, akanipa chupa bila kuuliza lolote, akaifungua kwa meno kwa sababu kifungulio alikuwa ameshakiweka ndani.

Tulimtoa mtaroni watu watatu, mlinzi akivuta juu, sisi tukisukuma chini. "Babu mzito huyu," mlinzi alisema akihema. "Ni mifupa mitupu, uzito unatoka wapi?" Na baba, ambaye alikuwa hajatujua bado, alimjibu, "Umri, kijana. Umri una kilo zake." Hapo nikajua soda inafanya kazi.

Tulimkalisha juu ya bomba la saruji, mlinzi akamfunika kwa koti lake la mvua. Taratibu mikono iliacha kutetemeka. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mama, umechafuka," neno analoniitia tangu nikiwa mdogo. Akamgeukia wifi. "Na wewe viatu viko wapi?"

"Nimevishika, baba."

"Wamekiiba kisanduku changu."

Nilikuwa nataka kumwambia ndiyo, labda wamekiiba. Ilikuwa rahisi, na angekubali. Wifi ndiye aliyesema.

"Hawajaiba. Kiko upande ule, kizima. Ile ramani ulinichongea mimi, baba, nisiyejua kusoma kinyume. Halafu wewe ukaigonga wino."

Baba alitoa karatasi kifuani. Ilikuwa imeloa kingo. Nikamkabidhi kipande cha mpira. Alivishika vyote viwili, kimoja kila mkono, akatazama hiki, akatazama kile. Hatukumharakisha. Mvua ilikuwa inagonga koti la mlinzi.

"Nilichonga wazi," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nikasahau kwamba nilichonga wazi."

Aliitazama karatasi kwa mara ya mwisho kabla ya kuikunja, akabinya midomo. "Halafu wino ulikuwa mwingi. Tazama ulivyojaa kwenye benchi. Kazi mbaya."

*

Tulimpeleka ofisini kwangu kwa kuwa ndiko karibu. Nilimkalisha kwenye kiti cha mteja, nikamvika sweta langu, wifi akaenda mgahawa wa jirani akaja na chai na chapati na akasimama mbele yake mpaka alipomaliza. Kisha akampigia mteja wake. Nilimsikia nje ya mlango: "Nisamehe mpenzi. Funga kitambaa tu, nakuja. Hapana, usifumue! Ukifumua tunaanza upya."

Muhuri wa zahanati ulikuwa pale pale chini ya taa, na herufi zake mbili ambazo hazijachongwa. Wangekuja kuuchukua kesho. Nilikaa, nikashika kisu, nikakiweka. Nikachukua kipande kingine cha mpira kwenye rafu, kirefu, chembamba, nikaanza kukichora kwa penseli.

Baba alikuwa ananitazama. Akiwa karibu na meza ile ni kama mtu aliyewashiwa taa.

"Hiyo ni namba ya simu," alisema. Alikuwa ameisoma kinyume, kichwa chini, kutoka upande wa pili wa meza.

"Ndiyo."

"Si yangu."

"Ni yangu, baba. Na ya chini ni ya wifi."

"Ya kugonga wapi?"

Niliilaza penseli. "Ndani ya koti lako. Kwenye kola za mashati. Nitatumia ule wino wa nguo, hautoki kwa kufuliwa."

Juu yetu watu wa ofisi walikuwa wanashuka ngazi kurudi makwao, viatu vikigonga kichwani kwetu. Nilidhani amekwisha kusahau nilichosema. Wakati mwingine husahau haraka, na mimi, Mungu anisamehe, nilitumaini hivyo.

"Ichonge kubwa kidogo," alisema. "Atakayeisoma labda hana miwani."

"Sawa, baba."

"Na uichonge kinyume."

"Kinyume, baba."

"Hakikisha. Usiamini macho yako."

Nikavuta kile kioo kidogo tulichokuwa tunatumia zamani, alipokuwa ananifundisha. Sikuwa nimekigusa kwa miaka. Nikakisimamisha kando ya mpira, nikatazama namba zimekaa sawa ndani yake, ndipo nikaanza kukata. Namba ya kwanza ilitoka vizuri. Kabla ya kukata ya pili nikatazama tena kioo.

Wifi aliingia akijipangusa maji. "Pikipiki inangoja. Baba, twende, mteja wangu ana kichwa nusu tangu asubuhi."

"Kichwa nusu," baba alisema. "Kama mimi."

Wifi alicheka mpaka akashika mlango, na baba akafurahi kuona amechekesha. Akainuka. Nilikuwa nimeshazima taa na kufunika meza kwa kitambaa aliposimama mlangoni, anatazama mvua, sasa imekolea, inatiririka kwenye ukingo wa ngazi.

"Tofali mlilirudisha?"

Nilimtazama wifi. Wifi alinitazama. Nililiona tofali lile lilivyolala kwenye majani chini ya ukuta, na tundu lake wazi.

"Tutalirudisha kesho, baba," nilisema. "Asubuhi na mapema. Tutakwenda sote."

"Nani ataongoza?"

"Ramani ni ya wifi."

Alifikiri. Kisha akanyoosha mkono wifi aushike, maana vidato vya pale vinateleza, na nikasikia anamwambia wakishuka, "Kushoto, mwanangu. Ukiingia tu, kushoto. Nikumbushe."